Come Back, Africa: Filamu iliyopigwa kwa hila machoni pa Makaburu

COME Back, Africa ni filamu ya mwaka wa 1959 iliyoelekezwa na Mmarekani Lionel Rogosin mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Ni miongoni mwa filamu za awali kabisa kuanika maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi, na haikugharimiwa na kampuni yoyote kubwa ya sinema. Jina lake limetokana na wito wa wapigania uhuru wa chama cha ANC, “Mayibuye iAfrika”.

Rogosin (1924-2000), mwana wa tajiri wa viwanda vya nguo, aliiacha biashara ya babake akaingilia sinema bila kuisomea. Filamu yake ya kwanza, On the Bowery (1956), iliyohusu walevi wa mtaa mmoja wa New York, ilituzwa mjini Venice. Kwake hayo yalikuwa mazoezi tu. Azma yake hasa ilikuwa Afrika Kusini.

Alipowasili huko mwaka wa 1957 alijua kuwa serikali isingempa kibali cha kuonyesha ukweli. Aliwaambia wakuu kwamba anatengeneza filamu ya muziki wa mitaani. Ili uongo huo usimame, alilazimika kupiga picha za muziki kwelikweli: vijana wenye filimbi za bati, ngoma na nyimbo za barabarani. Picha hizo zilibaki ndani ya filamu, nazo ni katika sehemu zake zinazopendeza zaidi.

Hadithi aliiandika pamoja na Lewis Nkosi na Bloke Modisane, wanahabari wa jarida la Drum. Hawakuajiri waigizaji wa kazi. Zachariah Mgabi, aliyebeba hadithi nzima, alikuwa mtu wa kawaida aliyechaguliwa katika umati wa abiria kwenye stesheni ya gari-moshi. Washiriki walielezwa kisa kilivyo, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Wazungu walioigiza mabwana na mabibi wenye dharau walikuwa, kinyume chake, watu waliopinga ubaguzi.

Katika filamu, Zachariah anaikimbia njaa ya mashambani Zululand na kuingia kwenye machimbo ya dhahabu. Baadaye anakuwa mtumishi wa nyumbani, ambako bibi mwenye nyumba anambandika jina la “Jack”. Anahamia gereji, kisha hoteli, na kila mahali anafukuzwa. Kinachomwandama ni pasi, ile hati ambayo bila muhuri wake Mwafrika hakuwa na haki ya kufanya kazi wala kulala mjini. Wakenya waliomsikia babu akisimulia habari za kipande hawahitaji kuelezwa zaidi. Zachariah anakamatwa kwa kosa la kulala na mkewe, Vinah, katika chumba cha mtumishi. Akiwa kizuizini, mke huyo anauawa na jambazi wa mtaani.

Mtazamaji wa leo ataona mara moja kwamba baadhi ya mazungumzo ni makavu, hasa yale ya jikoni kwa Wazungu. Hata hivyo, kamera inapotoka nje, hakuna anayeigiza. Misururu ya wafanyakazi wakitoka kwenye treni alfajiri na wachimbaji wakiteremka shimoni ni mambo yaliyokuwa yakitendeka siku hiyo.

Kilele cha filamu ni mangweni, katika chumba kidogo ambamo Nkosi, Modisane na mwandishi mwenzao Can Themba wanabishana kuhusu Wazungu wapole wanaomhurumia Mwafrika mradi abaki mnyonge. Katikati ya mjadala anaingia msichana na kuimba nyimbo mbili. Huyo ni Miriam Makeba, ambaye baadaye Waafrika Mashariki wangemjua kwa “Malaika”.

Rogosin alimsaidia Makeba kutoka nchini ili ahudhurie tamasha la Venice mwaka wa 1959, ambako filamu ilituzwa na wakosoaji wa Italia. Kutoka hapo alielekea London, kisha New York. Mwaka wa 1960, mamake alipofariki, pasipoti yake ilifutwa, asiweze kwenda kumzika. Alirudi kwao mwaka wa 1990. Modisane alitorokea ng’ambo mwaka wa 1959, naye Nkosi akaondoka mwaka wa 1961 kwa kibali kisichomruhusu kurejea. Mmarekani alirudi kwao na mikanda yake. Waandishi wake ndio waliopoteza nchi.

Hata New York kwenyewe wasambazaji hawakuitaka filamu. Rogosin alichukua ukumbi, Bleecker Street Cinema, akaionyesha humo mwaka wa 1960, miezi michache tu baada ya safari ile ya Venice na wiki chache baada ya mauaji ya Sharpeville. Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Sehemu kubwa ya picha za mtaani zilipigwa Sophiatown, ambako polisi wapatao 2,000 walianza kuwahamisha Waafrika mnamo Februari 1955. Nyumba zilizobomolewa nusu zinaonekana wazi nyuma ya Zachariah apitapo. Mtaa ulipokwisha kusawazishwa, Wazungu walijengewa makao yao hapo na kuuita Triomf, yaani Ushindi. Jina la Sophiatown lilirejeshwa mwaka wa 2006, mwaka mmoja baada ya maabara ya hifadhi ya filamu mjini Bologna, Italia, kuikarabati kazi hii ya Rogosin.