Adui Asiye na Pembe

Wasee, tusidanganyane. Kuna watu walitoka kuangalia ile filamu ya 2023 ya ujana wa Rais Snow wakiwa wamempenda. TikTok ikajaa vipande vyake vimewekewa nyimbo za mapenzi. Na huyu ni mtu ambaye akizeeka anapeleka watoto wauane kwenye runinga kila mwaka! Mbona?

Turudi 1974, Marekani. Mwanahabari Robert Cormier alikuwa na kijana aliyekataa kuuza chokoleti za kuchangia shule pesa. Shule ikamwacha tu. Baba akajiuliza: na je, wasingemwacha? Hapo ndipo The Chocolate War ilipotoka. Hakuna jini humo. Kuna Archie Costello, mwanafunzi tu, hapendi hata kupigana. Anawapangia wenzake vituko kwa niaba ya kikundi cha siri, na anapanga vizuri hadi unajipata ukingoja kingine. Halafu kuna Bradha Leon, kaimu mwalimu mkuu. Anamsimamisha mwanafunzi mwerevu mbele ya darasa, anamsingizia kuiba mtihani, anambana weee, darasa limenyamaza ji. Kisha anawageukia: ni nyinyi mliomwacha ateswe. Kinachouma ni kwamba hapo hadanganyi.

Wachapishaji kadhaa walitaka mwisho ubadilishwe, maana wabaya wanashinda. Cormier akakataa. Miaka 30 baadaye, 2004, kitabu kiliongoza orodha ya vile vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba za Marekani. Na waliolalamika huko enzi hizo mara nyingi walikuwa wazazi, si vijana.

Vijana walishamtambua Leon. Ni kama Umbridge wa Harry Potter, 2003. Voldemort anatisha sawa, lakini ushawahi kukutana naye? Umbridge ushakutana naye: nguo za waridi, tabasamu, notisi mpya ukutani kila wiki.

Sisi tulikuwa na Majoka wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Mtihani ulitaka sifa zake: katili, mbinafsi, fisadi, alama zako hizo, keti. Hakuna aliyeuliza mbona darasa letu liliamka kila Majoka alipofungua mdomo. Anafunga soko la Chapakazi watu wakitafuta riziki, na bado ana maneno matamu ya uhuru. Waliomsoma darasani 2021, 2024 wengine walikuwa barabarani na bendera na chupa ya maji. Mambo ya kufafanuliwa yalikuwa yameisha.

Sasa Snow. Kitabu chenyewe, cha 2020, Suzanne Collins alikiandika akikuweka ndani ya kichwa chake akiwa na miaka 18. Ana njaa, ana nyanya na binamu wa kulinda, jina kubwa na mfuko mtupu. Kila uongo wake una sababu unayoielewa. Filamu ilikupa sura. Kitabu kinakupa hesabu zake, moja baada ya nyingine, na wewe unatikisa kichwa kukubali. Wanaosema wanampenda kwa sababu ni mrembo, mimi siwaogopi. Naogopa yule aliyesoma kurasa zote 500 na hajui ni ukurasa gani alipaswa kumwacha.