Vigari vya kivita vya mezani: Jinsi ya kuvipaka rangi Pwani

Mchezo wa vita wa mezani huchezwa na watu wawili au zaidi, kila mmoja akiongoza jeshi la sanamu ndogo kwa kanuni, dadu na utepe wa kupimia. Chimbuko lake ni mafunzo ya maafisa wa Prussia, waliopokea kanuni za Georg von Reisswitz mwaka 1824. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells aliuingiza sebuleni mwa raia kupitia kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913.

Vigari hutengenezwa kwa vipimo maalumu. Gari halisi la mita 5 huwa na sentimita 5 katika kipimo cha 1:100, na karibu sentimita 9 katika kile cha 1:56.

Magari yaliyopita Mombasa

Mkazi wa Mtopanga, katika eneobunge la Kisauni, hana haja ya kutafuta mifano Ulaya. Waingereza walitumia magari ya deraya ya Rolls-Royce dhidi ya Wajerumani huko Taita, na mapigano ya kilima cha Salaita yalitokea Februari 1916. Katika vita vya pili, wanajeshi wa Afrika Kusini walianza kuteremka Kilindini katikati ya mwaka 1940. Miongoni mwa zana zao yalikuwamo magari ya Marmon-Herrington, yaliyoundwa nchini mwao juu ya chesi ya lori la Ford. Majeshi yaliyotoka Kenya yalishambulia El Wak Desemba 1940, yakaingia Mogadishu Februari 25, 1941 na Addis Ababa Aprili 6.

Hatua za kazi

Kwanza, vipande huoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha husuguliwa kwa msasa na kuunganishwa kwa gundi. Rangi ya msingi hutangulia, ikifuatwa na rangi kuu katika matabaka mawili au matatu membamba; tabaka moja nzito hufunika misumari na bawaba. Rangi nyeusi iliyozimuliwa sana hupenyezwa mifereji ili kuonyesha vivuli. Hatimaye, brashi iliyokaushwa kwa kitambaa hupitishwa juu ya kingo kwa rangi iliyofifia, nazo zikajitokeza.

Unyevu wa Pwani una athari zake. Rangi ya kupuliza ikitumiwa alfajiri au baada ya mvua huweza kufanya ukungu mweupe. Heri kusubiri mchana mkavu, kazi ifanyiwe kivulini penye hewa, kwani jua kali hukausha matone kabla hayajatua na uso ukawa na chengachenga. Aidha, maji ya kisima chenye chumvi yasitumiwe kuzimulia rangi. Yakikauka huacha chumvi juu ya kazi.

Vumbi ni ushahidi

Kosa la kawaida ni kulipaka kila gari la Afrika rangi ya mchanga wa jangwa la Libya. Gari lililopigana Taita lilitapakaa vumbi jekundu, wala si mchanga mweupe wa Bamburi. Udongo wenyewe ukichekechwa na kuchanganywa na gundi hufaa kwa magurudumu. Picha za zamani zisizo na rangi zitazamwe kwa makini: huonyesha mahali tope liliposhika, lakini hazithibitishi iwapo gari lilikuwa kijani au kahawia.

Hata hivyo, gari peke yake hulipotosha jeshi. Katika vita vya kwanza mizigo mingi ilibebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariakor jijini Nairobi umebeba jina la kikosi chao. Meza ya Salaita yenye magari yaliyong'arishwa, bila safu ya wapagazi nyuma yake, haijakamilika.