Munkoyo, Lutuku na Shaba: Vinywaji vya Nafaka katika Historia ya Likasi

Historia ya Likasi kwa kawaida huandikwa kama historia ya shaba. Mji huu wa Katanga, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni na kurudishiwa jina la Likasi mwaka 1966, ulikua pamoja na migodi na viwanda vya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Hata hivyo, palipokuwa na mfanyakazi palikuwa na chungu cha unga wa mahindi, na yaliyofanywa na unga huo ni sehemu ya historia ya mji.

Kinywaji kinachostahili kutazamwa kwanza ni munkoyo, kinachojulikana Katanga na ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha hutiwa mizizi iliyopondwa ya mimea ya porini ya jamii ya kunde. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hivyo uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Baadaye bakteria huleta uchachu, na kinywaji kikiachwa kwa muda hamira huongeza ukali. Kwa hiyo munkoyo mmoja waweza kuwa chakula cha mtoto leo na pombe ya watu wazima baadaye.

Tabia hii ya kusimama baina ya chakula na kilevi si ya Katanga peke yake. Boza ya Uturuki hutengenezwa kwa mtama au nafaka nyingine iliyopikwa, ikachujwa, ikatiwa sukari na kuchachushwa. Kilevi chake ni kidogo sana. Misri na Sudani zina buza, na Kenya ina busaa, ambayo hutumia mahindi na kimea cha wimbi. Kufanana kwa majina hayo kumewavutia wengi, lakini kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi ukoo. Munkoyo unaonyesha jambo hilo vizuri: kazi ambayo kwingine hufanywa na kimea, hapa hufanywa na mizizi. Ujuzi wake umetokana na msitu wa miombo na hauna haja ya kutafutiwa asili mbali.

Tofauti kubwa zaidi iko katika uhusiano wa kinywaji na dola. Jijini Istanbul boza iliingia katika biashara inayotambuliwa. Duka la Vefa limekuwa likiiuza tangu mwaka 1876. Likasi mambo yalikwenda vingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilifuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na kuwapa posho ya chakula. Kampuni ilitaka posho hiyo iwe nguvu ya kazini. Mwanamke aliyeigeuza sehemu ya unga kuwa pombe ya kuuza alipata fedha zisizopita mkononi mwa mume wala mwa mwajiri. Ndiyo sababu upishi wa pombe ulionekana na wakubwa wa kambi kuwa uvunjaji wa nidhamu, ilhali bia ya viwandani, iliyoanza kutengenezwa Katanga katika miaka ya 1920, ilihesabiwa kuwa dalili ya maendeleo.

Pombe kali ilikuwa na sheria zake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mtambo wa kukenekea huweza kuundwa kwa pipa na mrija. Lutuku, inayokenekwa kutokana na mahindi au muhogo, ni ndugu wa gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Marufuku haikuiondoa, iliisukuma mafichoni, ambako hakuna anayepima ukali wake. Madhara yake kwa afya ni ya kweli, wala historia haipaswi kuyapamba.

Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, iliporomoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mshahara na posho vilipotoweka, biashara ndogo za wanawake, zikiwamo za vinywaji, zilibeba mzigo ambao zamani ulidaiwa kuwa wa kampuni.

Ni dhahiri, basi, kwamba mtafiti akitegemea nyaraka za kampuni pekee, mpishi wa munkoyo atamkuta katika orodha ya makosa tu. Aidha, neno pombe likitumiwa kwa munkoyo, bia na lutuku bila kubagua, hukumu ya wakubwa wa kambi huendelea kusemwa kwa Kiswahili. Kuvitenganisha vinywaji hivyo kwa majina na kwa namna ya utengenezaji ni hatua ya kwanza ya kuwarudisha wanawake hao katika historia ya kazi ya Likasi.