Bangi na Jaa: Historia ya Kulishwa kwa Mmea Uliopigwa Marufuku katika Kivu

Historia ya bangi Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kama historia ya uvutaji, ya biashara na ya sheria. Swali la mkulima, yaani mmea huu hula nini, hasa katika wiki zinazotangulia mavuno, limeachwa kando. Hata hivyo, swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini bangi iliondoka uani mwa nyumba ikaelekea misituni.

Jina lenyewe laonyesha njia mojawapo iliyofuatwa na mmea. Bangi ni neno lililotoka Bara Hindi na Uajemi kwa njia ya bahari, na Kiswahili kikalichukua hadi bara. Upande wa magharibi wa Kongo lilitawala neno jingine, riamba au diamba, lililovuka hata Atlantiki hadi Brazili pamoja na watumwa. Wissmann na Pogge walipofika Kasai mwaka 1881, waliwakuta wafuasi wa Kalamba wakijiita Bena Riamba, watu wa bangi. Inafaa kuongeza kwamba Kifaransa huweza kutumia neno moja, chanvre, kwa nyuzi na kwa moshi, ambapo Kiswahili hutenga katani na bangi. Mtungasheria wa kikoloni alilazimika kufafanua kuwa alichokataza ni ile ya kuvuta.

Kabla ya marufuku, mmea huu uliishi karibu na watu. Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika juu ya bangi iliyoota mbele ya milango ya nyumba. Hilo si jambo la bahati. Mwanabotania Mrusi Vavilov aliona katika miaka ya 1920 kwamba katani-mwitu ya Asia ya Kati hufuata kambi za wafugaji, mahali penye kinyesi na taka. Naye Edgar Anderson, mwaka 1952, alieleza kuwa mimea mingi ya kilimo ilianzia jaani. Jaa la Mwafrika, lenye majivu ya jikoni, maganda, mifupa na samadi ya mbuzi, lilikuwa ghala kamili la chakula cha mmea. Hakuna aliyehitaji kupima kitu.

Ubora wa jaa unaonekana zaidi mavuno yanapokaribia. Mmea mchanga hudai naitrojeni ili uote majani. Ukianza kuchanua, haja yake ya naitrojeni hupungua, na fosforasi na potasiamu huwa na uzito zaidi. Naitrojeni ikizidi wakati huo, majani huendelea kustawi na maua huchelewa kukomaa. Mkulima wa mbolea za viwandani anaweza kubadili chakula kwa siku moja. Anayetegemea samadi hawezi: vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoiozesha, polepole, na samadi mbichi iliyotupwa shinani wiki mbili kabla ya kukata hulisha zaidi zao litakalofuata. Kwa hiyo chakula cha mwisho hutayarishwa mwanzoni. Jaa la miaka mingi lilikuwa limekwisha kutayarishwa.

Mwaka 1925 ni wa kukumbukwa kwa sababu mbili. Februari, mkataba wa Geneva uliingiza bangi katika udhibiti wa kimataifa. Aprili, Ubelgiji ilianzisha Hifadhi ya Albert, inayoitwa leo Virunga, kaskazini mwa Goma. Mmea na msitu viliwekewa mipaka mwaka mmoja. Mkulima aliyeogopa kuonekana hakuweza tena kuotesha bangi mlangoni, wala kubeba magunia ya samadi hadi kilimani bila kuulizwa. Akatafuta ardhi inayojilisha yenyewe.

Kivu ilikuwa nayo, au ilionekana kuwa nayo. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu nyingi, na udongo uliozaliwa na majivu ya volkano ni mweusi na mwepesi. Lakini udongo wa aina hiyo huishika fosforasi kwa nguvu hata mizizi ikashindwa kuipata, na hilo huonekana hasa mmea unapochanua. Pale ambapo lava bado ni changa, kama iliyoingia katikati ya Goma Januari 2002, udongo wenyewe haujapatikana. Rutuba ya haraka iko msituni, katika majani yaliyooza na majivu ya miti iliyochomwa. Nayo mvua huikokota katika misimu michache.

Ann Laudati, aliyechunguza biashara hii mashariki ya Kongo, alionyesha mwaka 2014 jinsi wakulima, wachuuzi, askari na makundi yenye silaha wanavyofungamana ndani yake. Kinachostahili kuongezwa ni hesabu ya udongo. Samadi inayopatikana, kama ile ya ng'ombe wa Masisi, hugombewa na maharagwe na viazi, na mwenye shamba la siri huwa wa mwisho kuipata. Asipoipata hukata miti mingine. Nyuma yake hubaki uwazi msituni, udongo uliokwisha kutoa naitrojeni yake, na mbali nao, uani kwa mama yake, jaa lenye majivu yaleyale ambalo sasa huota maboga.