Marejeo Yatolewayo na Mashine: Mfano wa Kikalenjin

Wakipsigis, wenyeji wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet, husema tawi moja la Kikalenjin. Kwa muda mrefu marejeo ya lugha hizi yaliandikwa kwa mkono wa mtaalamu. Mnamo 1909 A. C. Hollis alichapisha kitabu juu ya Wanandi na lugha yao. Mnamo 1979 Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyepata pia kuwa waziri, alitoa A Study of Kalenjin Linguistics. Kila kitabu kilikuwa na mwandishi wa kuulizwa.

Karne ya 20 ilipokuwa ikielekea ukingoni, watungaji wa programu za kompyuta walizua njia nyingine. Walichoshwa na maelezo yenye kuachwa nyuma: programu hubadilishwa leo, na kitabu chake kikaendelea kusema ya jana. Mwaka 1984 Donald Knuth alipendekeza programu na ufafanuzi wake viandikwe pamoja. Katika miaka ya 1990 Javadoc, chombo cha lugha ya Java, kilichukua maelezo yaliyomo ndani ya msimbo na kuyapanga kuwa kurasa za marejeo. Msimbo ukirekebishwa, kurasa hutolewa upya.

Utaratibu unaofanana na huo umekifikia Kikalenjin kwa njia ya CLDR, hazina ya Unicode iliyoanzishwa 2003. Humo majina ya siku, miezi na nchi huwekwa, lugha kwa lugha, katika mafaili yasomwayo na mashine. Kutokana na mafaili hayo simu na kompyuta hupata maneno yake, na programu hutoa majedwali ya marejeo. Katika Kikalenjin, Januari ni Mulgul na Aprili ni Iwootkuut. Novemba na Desemba zashiriki jina Kipsuunde, moja ikiwa ne taai, yaani ya kwanza, na nyingine nebo aeng', ya pili.

Hapa ndipo penye mashaka. Maneno hayo yamewekwa chini ya alama kln, ya Kikalenjin kizima, jina lililoenea tangu miaka ya 1940. Lakini kiwango cha ISO 639-3, kilichotolewa 2007, kinakipa Kikipsigis alama yake, sgc, na Kinandi niq. Jedwali halimwambii msomaji neno limetoka katika lahaja ipi, wala nani aliulizwa. Lililo sahihi na lililokosewa huchapwa kwa sura moja, na upesi ule ule.

Hata hivyo, kosa likisahihishwa katika chanzo, toleo lifuatalo la jedwali husahihika. Basi kazi ya mwanaisimu haijakwisha. Imehamia kwenye chanzo, kwa wazee wa Kericho na Bomet. Wachumaji wa huko wajua tangu zamani kwamba kiwanda hakiwezi kulifanya jani bovu kuwa chai njema.