Mafunzo ya utungaji wa mitihani

Mafunzo ya utungaji wa mitihani ni sehemu ya elimu ya ualimu inayomwandaa mwalimu kupima alichofundisha, kwa maswali yanayomtenganisha anayejua na anayebahatisha. Nchini Tanzania, Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Tangu hapo mwalimu wa darasani naye ni mtahini, si Baraza la Mitihani, lililoundwa 1973, peke yake. Chombo kikuu cha mwalimu anayetunga mtihani ni jedwali la utahini: mada upande mmoja, na upande wa pili viwango vya fikra, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Bila jedwali hilo, mada iliyofundishwa wiki sita huweza kupata swali moja, na ya siku mbili ikapata manne.

Wapo wanaosema anayelijua somo anajua kulitahini. Hoja hiyo haisimami. Tazama swali hili: “Mmea hutengeneza chakula kwa kutumia: (A) chumvi (B) mawe (C) mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa (D) moto.” Biolojia yake ni sahihi, lakini jibu linajitangaza kwa urefu wake, na hata asiyesoma hulipata. Vipotoshi vizuri, yaani majibu yasiyo sahihi kati ya chaguo, hutokana na makosa halisi ya wanafunzi, kama kudhani kwamba mmea hula udongo. Pingamizi jingine, la mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80, lina uzito zaidi, maana kusahihisha insha 80 ni mzigo. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kufunzwa kutunga maswali mafupi yanayodai kufikiri. Vyuo vya ualimu viwape wanachuo muda wa kutunga maswali, kuyajaribu darasani na kuyarekebisha kabla hawajaajiriwa.