Mahali pa kuwindia kulungu

Mahali pa kuwindia kulungu ni sehemu ambayo mwindaji huichagua ili kumvizia mnyama huyo. Kwa kulungu mkia-mweupe (Odocoileus virginianus) wa Amerika, mahali pazuri huwa karibu na njia inayounganisha malazi yake na malisho, kwa mfano msitu wa mialoni inayodondosha matunda. Dalili za njia hiyo ni nyayo, mavi na magome ya miti yaliyosuguliwa kwa pembe. Kwa kuwa kulungu hunusa vizuri sana, mwindaji hukaa mahali ambapo upepo humjia kutoka upande wa njia. Nyuma ya shabaha panapaswa kuwa na kilima au ukingo wa udongo, kwa sababu risasi iliyokosa shabaha inaweza kumwua mtu aliye mbali.